Bemoli Nne Nilizozikimbia

Nikisema nimestaafu, watu hunitazama kichwani wakitafuta mvi. Hawazioni, wanacheka. Nina miaka thelathini na saba tu. Lakini nimefundisha piano miaka kumi na mmoja kwenye shule ya Masera, wale watawa wa kike wa Beni, na mwaka huu nimemwachia kiti Masika, aliyekuwa mwanafunzi wangu, kwa sababu anafundisha vizuri kuliko mimi, na kwa sababu mke wangu alichoka kukaa Butembo peke yake na watoto na duka la vitenge. Siku hizi napima vitambaa. Jioni vijana wanaopiga kinanda kwenye parokia zao hupita dukani, huegemea meza, huniita Ya, yaani kaka, na swali lao karibu siku zote ni lilelile: "Ya Kambale, tufanye namna gani tusikosee?"

Mnaniuliza mtu asiyefaa. Hakuna aliyeogopa kukosea kuliko mimi. Ndiyo maana naandika haya. Nikijibu kwa mdomo najikuta natoa ushauri mzuri mzuri, nanyi mnaondoka mkidhani nilizaliwa naujua. Heri niwasimulie nilivyoaibika.

Mimi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye sinte, kile kinanda cha umeme cha parokia yetu, kwa kumtazama aliyenitangulia, nikiwa nyuma ya mabega yake. Ninyi mnajua tunavyojifunza huku kwetu. Kila wimbo tunaupiga katika Do, kwenye vibonyezo vyeupe, na waimbaji wakisema ni juu sana au chini sana tunabonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti. Vidole vinabaki palepale, sauti inakwenda tunakotaka. Nilikaa miaka minane namna hiyo na nikajiona fundi. Vibonyezo vyeusi nilivigusa kwa bahati mbaya, kama mtu anavyogusa waya wa umeme.

Siku moja ikaja habari kwamba Masera wa Beni wanatafuta mwalimu wa piano. Wao walikuwa na piano ya kweli, ya mbao na nyuzi. Aliyekuwa anafundisha, Masera Perpetua, mzaliwa wa Lubero, alikuwa amezeeka na vidole vyake vilikuwa vimejikunja. Alituma nakala ya kurasa nne kupitia dereva mmoja wa taksi, na maneno machache: anayetaka kazi ajifunze hii, aje Julai aipige.

Ilikuwa etidi. Kwa ambaye hajui, etidi ni zoezi lililovaa nguo za wimbo. Limeandikwa ili kukutesa mahali pamoja mpaka pazoee. Hii ilimtesa mtu mkono wa kuume, noti zikikimbia bila kupumua toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huku mkono wa kushoto ukiruka mbali kama anayevuka barabara ya matope akitafuta mawe. Na pale mwanzoni mwa kila mstari kulikuwa na bemoli nne. Bemoli ni alama inayoshusha noti, na zile nne zilikuwa zinanipeleka moja kwa moja kwenye vibonyezo vyeusi.

Nilifanya nini? Nilifanya ambacho mpiga kinanda yeyote wa Butembo angefanya. Nilinunua daftari, nikakaa majuma matatu, nikaiandika upya etidi yote katika Do. Noti moja moja, kwa kalamu na rula. Nilipokosea nilichana ukurasa nikaanza tena, maana sikuweza kuvumilia kuona doa. Kisha nikaweka kitufe cha sinte kwenye alama ya kushuka hatua nne, nikapiga kwenye vibonyezo vyeupe, na sinte ikatoa sauti ileile iliyoandikwa na mtunzi mwenyewe. Nilijisifu sana. Niliona nimemzidi akili mtu aliyekufa zamani.

Na kujifunza kwenyewe kulikuwa hivi: naanza mwanzo, nikikosea nasimama, narudi mwanzo. Nikikosea tena, mwanzo. Hata kidole kikigusa pembeni kidogo, kitu ambacho hakuna mtu angekisikia, mwanzo. Ukurasa wa kwanza niliupiga labda mara elfu. Wa nne nilikuwa naujua kama jirani wa mtaa wa mbali, tunasalimiana tu.

Sasa sikieni upumbavu wenyewe. Kabla ya kwenda kujaribiwa, niliaga. Niliwaambia wakubwa wa parokia kwamba nimepata kazi Beni. Sikusema nitajaribu, nilisema nimepata. Nilirudisha ufunguo wa kabati la sinte, wakampa Jules, kijana mzuri aliyekuwa akiungoja ufunguo ule kwa miaka miwili bila kulalamika. Waimbaji waliniimbia. Mama yangu aliwaambia wanawake wote wa soko. Basi nikipigwa chini Beni, sikuwa na pa kurudi. Nilijua hilo, na sikulala vizuri, na bado sikumwambia mtu.

Julai nikaenda. Masera Perpetua alinipokea kwenye chumba kirefu chenye madirisha mawili. Alikuwa mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, na alikuwa anaburuta kandambili.

"Njo weye Kambale wa Butembo?"

"Njo miye, Masera."

"Umekula?"

"Ndiyo, Masera," nikasema, na ilikuwa uongo.

"Ikala basi. Piga."

Nilikaa. Nikatazama mbele yangu, upande wa kushoto, upande wa kulia. Nikainama nikatazama chini ya vibonyezo. Yeye akangoja, kisha akasema, "Uko unatafuta nini?"

"Bouton, Masera."

"Bouton ya nini?"

"Ya... ya kushusha sauti."

"Piano haina bouton," akasema polepole. "Piga tu."

Nikapiga. Sikuwa na lingine la kufanya. Vibonyezo vilikuwa vizito kama milango, na sauti iliyotoka haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa juu, ilikuwa ngeni, vidole vyangu vikasema hapa na sikio langu likasema siyo hapa. Mstari wa pili nikakosea. Nikasimama. Nikarudi mwanzo. Nikakosea palepale. Nikarudi mwanzo. Mara ya tano hivi Masera akaja akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, kwa upole, kama anayezima redio.

"Hii yote uko unapiga mu Do?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Lakini nilichoka ghafla, nikatoa daftari langu mfukoni nikampa. Nikamwambia yote: kitufe, majuma matatu, kurasa nilizochana, Jules na ufunguo, mama yangu na soko lote. Nilipomaliza jasho lilikuwa limenilowesha shati, lakini kifua kilikuwa chepesi. Sijawahi kusahau wepesi ule. Nilikuwa nimepoteza kazi, nilidhani, na bado nilikuwa napumua vizuri kuliko miezi minne iliyopita.

Masera alifungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Aliona mistari iliyonyooka, noti zote mahali pake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kambale, baliandika hii etidi juu ya hizi nyeusi," akasema, akigonga vibonyezo vyeusi kwa ukucha. "Kidole kinene kijue kupanda juu yao, kisiogope. Iko paka ile, ile tu. Haina kazi ingine. Sasa weye umetoa mifupa yote mu samaki, kisha unasema unajua kula samaki!"

"Pardon, Masera."

"Hapana pardon. Masomo inaanza septemba. Mwisho wa Agosti unarudi huku, unaipiga vile iliandikwa. Ukifika mwisho, kazi ni yako. Ukisimama njiani, nitatafuta mwingine."

"Nikikosea?"

"Sikusema ukikosea. Nimesema ukisimama."

Vijana, hiyo tofauti kati ya kukosea na kusimama, mimi nilikuwa sijaisikia kamwe. Nilidhani ni kitu kimoja.

Kabla sijatoka alinipa sheria mbili. Ya kwanza: anza na mstari wa mwisho. Jifunze huo mpaka ukae, kisha ule ulio kabla yake, na kila siku ongeza nyuma, ili unapopiga uwe unaelekea mahali unapopajua, siyo mahali unapopaogopa. Ya pili: juma la kwanza usiuguse ukurasa wa kwanza hata kwa macho. Hiyo ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Ukurasa wa kwanza ndio uliokuwa unanipa sifa.

Nikamwomba kipande cha karatasi, nikakilaza juu ya vibonyezo, nikaweka alama upana wa kila kimoja, vyeupe na vyeusi, na urefu wake. Hakuuliza kwa nini. Nadhani alijua.

Maana sinte sikuwa nayo tena. Ningeweza kumwomba Jules, lakini ningelazimika kumwambia kwa nini, na ujasiri wangu wote nilikuwa nimeutumia Beni. Nilikwenda kwa Papa Muhindo, seremala wa kule Vulamba, nikamwonyesha karatasi yangu.

"Hii ni etajere ya kupanga vyombo?" akauliza.

"Hapana, Papa. Ni piano."

Akaigeuza karatasi upande wa pili, kama labda piano imejificha nyuma. "Sauti itatokea wapi?"

"Haitatoka. Ni ya kuzoeza vidole."

"Aa," akasema, akamtazama jirani yake aliyekuwa anapiga randa. "Umesikia? Ni piano ya kunyamaza. Hii moja nitatengeneza muzuri sana, haina mutu atakuja kunilaumu kama inalia mubaya."

Alitengeneza kweli vizuri. Ubao wa mkaratusi, vibonyezo vyeupe amevichonga mistari, vyeusi ni vijiti alivyovigundisha juu. Niliuweka mezani sebuleni kwetu, na kwa mwezi mmoja niliupiga kutwa.

Mama yangu alistahimili siku mbili. Siku ya tatu alisimama mlangoni na ungo mkononi.

"Kambale. Tangu asubui unapiga ile kibao. Ilikukosea nini?"

"Niko najifunza, Mama."

"Unajifunza nini? Kazi si ulisema uliisha kupata?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya pili kuungama mwezi huo, na nilianza kuizoea. Alikaa kitini, akafikiri, kisha akasema, "Ku soko sitasema kitu. Bakiniuliza, nitasema bado unafunga mizigo. Piga kibao yako." Toka siku hiyo ukija mgeni alimwambia anyamaze kwa sababu mtoto anapiga, na wageni walikaa wanausikiliza ubao.

Nataka niwaambie kitu kuhusu ubao ule, kwa sababu mnanicheka nikiusifu. Kwangu ulikuwa mahali pa kwanza ambapo sikuogopa. Haukuwa na sauti, kwa hiyo haukuwa na kosa la kunipigia kelele. Kidole kikiteleza nilikihisi, nikakirekebisha mara iliyofuata, nikasonga. Hakukuwa na sababu ya kurudi mwanzo. Mwanzo ulikuwa umefungwa. Nilikuwa napanda kutoka chini ya ukurasa wa nne kwenda juu, mstari mmoja kwa siku, siku nyingine nusu mstari, na muziki niliusikia kichwani tu, na kichwani ulikuwa katika bemoli zake nne, bila kitufe. Kidole gumba kilijifunza kupanda juu ya vile vijiti vyeusi. Mwanzoni kilipanda kama mbuzi anayepandishwa gari. Majuma mawili baadaye kilikuwa kinapanda chenyewe.

Miaka ya baadaye, Masika alipokuwa na umri wa miaka kumi na mbili na analia kwa sababu ya kosa moja, nilimwekea kitambaa juu ya vibonyezo visionekane, nikamwambia apige hivyohivyo, akosee apendavyo. Alikosea sana. Alianza kucheka. Siku hizi ninyi mna simu zinazowaonyesha taa zikidondoka juu ya kila kibonyezo, na simu inawapa alama mwishoni. Sizichukii. Mimi mwenyewe nilijifunza nyimbo mbili kwa njia hiyo. Lakini chagueni saa moja kwa siku ambayo hakuna anayewapa alama, hata ninyi wenyewe. Na mkate kucha. Nawaambia kila siku, hamsikii.

Turudi Agosti. Siku ya kurudi Beni mvua ilikuwa imepiga usiku kucha na barabara ilikuwa supu. Nilikaa nyuma ya taksi kati ya mama mwenye kuku wawili na mwanamume aliyelala begani kwangu, nikapiga etidi yote juu ya magoti yangu, toka mwisho kwenda mwanzo. Yule mama akaniuliza kama magoti yananiuma. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko kueleza.

Tulikwama kidogo njiani, tukasukuma, nikafika na matope mpaka magotini. Masera Perpetua alinitazama kandokando ya miwani.

"Umekula?"

"Hapana, Masera." Nilikuwa nimeacha kudanganya, au tuseme nilikuwa nimepunguza.

"Muzuri. Nawa mikono. Piga, kisha tutaona."

Alikaa upande wa dirisha akanipa mgongo. Nilidhani hataki kuona aibu yangu. Baadaye nilielewa kwamba anayesikiliza hahitaji kutazama.

Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili, palepale nilipokufa mara tano mwezi wa saba, kidole cha nne kilikosa. Nilisikia kosa lile kama sahani iliyovunjika. Mwili wangu wote ulitaka kusimama. Mikono ilikuwa imeshaanza kunyanyuka kurudi mwanzo. Ningeiacha ingekwenda yenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nikaishikilia. Sijui nieleze vipi. Niliilazimisha kwenda mstari wa tatu ilhali sahani iko chini vipande vipande na kila mtu ameisikia.

Mstari wa tatu ulikuwa safi. Nikashangaa: kumbe kosa halifuati mtu.

Ukurasa wa pili nilikosea tena, na tena. Ukurasa wa tatu ulinipotea kabisa. Kichwa kilikuwa kitupu. Mkono wa kuume ulisahau pa kwenda, lakini wa kushoto ulikuwa bado unaruka kwenye mawe yake, nikauacha uruke peke yake, noti nne, noti tano, mpaka wa kuume ukaona pa kuingilia ukaingia. Na kisha nikageuza jani na nikaona ukurasa wa nne, ule uliokuwa jirani wa mbali. Sasa ulikuwa nyumbani. Niliujua kila kona. Kadiri nilivyoendelea ndivyo ilivyozidi kuwa rahisi, na hilo lilikuwa geni kabisa kwangu, maana maisha yangu yote muziki ulikuwa unazidi kuwa mgumu kadiri ninavyouacha mwanzo. Kidole gumba kilipanda, kikapanda, kikapanda. Nikafika. Noti mbili za mwisho ni nzito na za chini, nikazibonyeza kwa vidole vyote nilivyokuwa navyo, na piano ile kuukuu ikalia mpaka madirisha yakatetemeka.

Masera alikuwa bado amenipa mgongo.

"Umekosea mara ngapi?" akaliuliza dirisha.

"Saba, Masera."

"Miye nimesikia ine." Akageuka. "Zile tatu ni zako peke. Uzibebe, uende nazo ku nyumba, miye sizitake."

Nikayakusanya makaratasi yangu juu ya magoti yenye matope.

"Batoto batarudi lundi, Jumatatu hii," akasema, akiokota kandambili moja iliyokuwa imemtoka. "Iko kumi na saba. Utawafundisha vile vidole binaikala, na utawafundisha kufika mwisho. Ile ingine nitakuambia."

"Ndiyo, Masera. Wasingya," nikamshukuru kwa lugha ya kwetu.

"Sasa ingia kule mu cuisine. Hata kwa mulango nimesikia tumbo yako inapiga bemoli."

Jikoni nilikuta ugali, maharage, na samaki mzima wa kukaangwa mwenye mifupa yake yote. Mpishi, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha manjano kichwani, aliniwekea sahani, nikaimaliza bila kuinua kichwa. Aliniwekea ya pili. Nje nilisikia Masera Perpetua akimwuliza mpishi kama mwalimu ameshakula.

"Anakula bado," mpishi akajibu kwa sauti kubwa, wala hakujali kwamba namsikia. "Masera, juu ya kulisha huyu mwalimu mupya, muongeze shamba."